Mwiba mguuni, mtoki kinenani

Nilikuwa na miaka tisa hivi nilipokanyaga mwiba wa mgunga nyuma ya zizi la mbuzi, mguu wa kulia. Niliuchomoa mwenyewe, nikapaka mate, nikarudi kwenye chandimu. Kesho yake kisigino kilikuwa kinapwita. Siku ya tatu nikagundua kinundu kinenani, upande uleule wa kulia, kigumu kama kokwa ya zambarau, kinauma kila nikiinua mguu. Pale ni mahali pa aibu, kwa hiyo sikumwambia mtu. Bibi ndiye aliyeona ninavyochechemea. Akaniketisha mkekani, akaniuliza panapouma, nikamwonyesha shingo upande. Uvimbe wenyewe hata hakuugusa. Aliushika mguu, akaugeuza unyayo kwenye mwanga wa kibatari, akabonyeza kisigino kwa kidole gumba, nikaruka.

"Mtoki una mwenyewe, mjukuu wangu," alisema. "Na mwenyewe huyu hapa."

Akapitisha sindano motoni, akafukua ncha ya mwiba iliyokuwa imekatikia ndani, usaha ukafuata. Nilikandwa kwa maji ya moto yenye chumvi siku tatu, mtoki ukanywea.

Bibi hakusoma biolojia, lakini jambo alilolijua si dogo. Kisigino na kinena vimetengana kwa urefu wa mguu mzima. Habari za mwiba zilifikaje huko juu? Ukilifuata swali hilo hatua kwa hatua, unapita katikati ya mambo mawili ambayo shuleni tulifundishwa kwenye sura mbalimbali, mzunguko wa damu na kinga ya mwili, na unaona kwamba kuyatenganisha kunapoteza maana. Kinga ya mwili haina ofisi mahali fulani inakokaa ikisubiri kuitwa. Inaishi kwa kusafiri, na barabara zake ni mishipa.

Tuanze na barabara. Mtu mzima ana lita 5 hivi za damu. Upande wa kulia wa moyo husukuma damu kwenda mapafuni kuchukua oksijeni; upande wa kushoto huipokea na kuisukuma mwilini kote. Mtu akiwa ametulia, moyo hupiga mara 70 hivi kwa dakika, na katika dakika hiyo moja husukuma karibu lita 5. Maana yake ni kwamba damu yako yote inakamilisha mzunguko wake wakati unasoma aya hii na inayofuata.

Jambo hili halikuwa wazi kwa watu wa kale. Kwa zaidi ya miaka 1,000 waganga walifuata mafundisho ya Galen, tabibu wa kale wa Kigiriki, kwamba damu hutengenezwa kwenye ini, ikatiririka kwenda mwilini na kunywewa na nyama kama maji ya mfereji yanavyonywewa na shamba. Alisema pia kwamba damu hupenya kutoka upande mmoja wa moyo kwenda wa pili kupitia vitundu visivyoonekana. Mnamo 1242 Ibn al-Nafis, tabibu mzaliwa wa Damascus aliyefanya kazi Cairo, aliandika kwamba vitundu hivyo havipo, na kwamba damu lazima ipite mapafuni kwanza. Mnamo 1628 Mwingereza William Harvey alitumia hesabu: moyo ukisukuma hata kiasi kidogo kwa kila pigo, basi katika nusu saa unakuwa umesukuma damu nyingi kuliko iliyomo mwilini. Haiwezekani yote iwe imetengenezwa upya. Lazima iwe ileile, inarudi. Harvey hakuweza kuonyesha inarudi kwa njia gani. Mwaka 1661 Marcello Malpighi alitazama pafu la chura kwa hadubini, akaiona njia yenyewe: kapilari, mishipa midogo kuliko yote.

Kapilari ndizo uhondo wa habari hii. Ni nyembamba kiasi kwamba seli nyekundu, yenye upana wa maikromita 7 au 8 (maikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), hupita moja moja, tena nyingine kwa kujikunja. Ukuta wake ni unene wa seli moja tu. Na unavuja. Kuvuja huko ndiko kunakotulisha, maana maji ya damu yenye sukari na chumvi hupenya nje, yakaoga seli za nyama na ngozi, kisha mengi yakarudi. Yapo yanayobaki nje. Tutayarudia, kwa sababu ndiyo yaliyobeba habari za mwiba wangu.

Sasa mwiba. Ulipotoboa ngozi ulifanya mambo mawili kwa mpigo: ulichana kapilari, na uliingiza bakteria waliokuwa kwenye ngozi na kwenye udongo wa zizini. Kwa kapilari, chembe sahani, vile vipande vidogo vya damu vinavyoigandisha, zilijibandika kwenye mpasuko na damu ikaganda. Hilo halikuchukua dakika nyingi. Kwa bakteria, mlinzi wa kwanza ni seli zinazoishi humo humo ngozini. Baadhi yake zimejaa vifuko vya kemikali iitwayo histamini; zikiguswa, hupasua vifuko hivyo. Histamini hufika kwenye mishipa ya jirani, ikaitanua na kulegeza maungio ya kuta zake. Damu nyingi zaidi inaingia, maji mengi zaidi yanavuja. Hapo ndipo kisigino kinapovimba, kinapopata moto, kinapopwita kwa mdundo wa moyo.

Hali hii huitwa mchochota. Celsus, mwandishi wa Kirumi wa karibu miaka 2,000 iliyopita, alitaja dalili zake nne: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Wekundu huo aliuona kwenye ngozi nyeupe. Kwenye ngozi yetu nyeusi mara nyingi huonekana kama weusi uliokolea au rangi ya zambarau, na pengine usionekane kabisa. Kwa hiyo usingoje wekundu. Papasa kwa mgongo wa kiganja, linganisha joto la mguu huu na ule.

Kuta za mishipa zikishalegea, seli nyeupe zinateremka. Zinazotangulia huitwa neutrofili, na uboho wa mifupa hutengeneza takriban bilioni 100 kila siku. Zinapopita karibu na jeraha, ukuta wa mshipa huwa umeota vinata upande wa ndani. Neutrofili inagusa, inabiringika, inakwama, kisha inajibana na kupenya nje kuelekea harufu ya bakteria. Inawameza. Nyingi hufia hapohapo baada ya saa chache au siku moja mbili. Usaha ule mzito wa rangi ya maziwa ya njano, ambao watu huuita uchafu unaotoka mwilini, kwa sehemu kubwa ni neutrofili zilizofia kazini.

Nifungue mabano kidogo kuhusu neutrofili, kwa sababu huwatia watu hofu wanapopokea majibu ya kipimo cha damu. Watu wengi wenye asili ya Afrika wana neutrofili chache kuliko kiwango kilichoandikwa kwenye karatasi, nao ni wazima. Wana badiliko la kijeni liitwalo Duffy, lililoenea sana Afrika kwa sababu linakinga dhidi ya malaria ya aina ya vivax, na badiliko hilohilo hushusha hesabu ya neutrofili kwenye damu. Viwango vingi vya maabara vilitokana na kupima watu wenye asili ya Ulaya. Ukiambiwa neutrofili ziko chini na huna ugonjwa wowote, ni halali yako kumuuliza daktari kuhusu hilo.

Aliyeonyesha kwamba seli husafiri kwenda kwenye jeraha alitumia miiba vilevile. Mwaka 1882, mjini Messina katika kisiwa cha Sicily, mwanabiolojia Elie Metchnikoff alikuwa akichunguza watoto wachanga wa kiti cha pweza, yule kiumbe wa baharini mwenye umbo la nyota, wadogo sana na angavu kama kioo. Aliwachoma kwa miiba midogo aliyoichuma bustanini. Asubuhi alipotazama kwa hadubini, kila mwiba ulikuwa umezingirwa na seli zilizohama kutoka sehemu nyingine za mwili. Viumbe hao hawana damu kama yetu, lakini wanajua kwenda palipoumia. Mwaka 1908 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich wa Ujerumani, ambaye alishikilia kwamba siri ya kinga imo kwenye maji ya damu, si kwenye seli. Wote wawili walikuwa sahihi, kama mtoki wenyewe unavyoonyesha.

Turudi kwenye yale maji yaliyobaki nje ya kapilari. Kwa makadirio ya kawaida hufika lita 3 hivi kwa siku. Yakiachwa, mtu angefura mwili mzima. Hukusanywa na mishipa mingine kabisa, myembamba, yenye kuta hafifu, inayoanzia katikati ya nyama kama kijito kinavyoanzia bondeni. Yakishaingia humo huitwa limfu. Mishipa hii hupanda kutoka kwenye vidole, ikaungana, ikapita kwenye tezi za kinena, ikapanda tumboni na kifuani, na mwishowe ikamwaga maji yake kwenye mshipa mkubwa wa damu chini ya mtulinga. Duara linafungwa.

Limfu haina moyo wa kuisukuma. Inategemea vali ndogo zinazozuia isirudi chini, mikazo ya mishipa yenyewe, pumzi zako, na misuli ya shavu la mguu inayoikamua kila unapopiga hatua. Aliyewahi kukaa kwenye basi kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza anajua jinsi viatu vinavyogoma kuingia anaposhuka. Misuli ililala, maji yakakaa.

Watu wa pwani wanajua jambo kubwa kuliko hilo. Matende ni limfu iliyozibiwa njia. Mbu huacha kwenye ngozi viluwiluwi vya minyoo. Minyoo hukomaa ndani ya mishipa ya limfu na kuishi humo miaka 6 hadi 8, ikitanua mishipa na kuharibu vali. Watoto wao huzunguka kwenye damu usiku, wakati mbu wanauma, na ndiyo sababu wapimaji walikuwa wakigonga milango ya watu saa nne za usiku kutaka tone la damu. Wengi waliwadhania wanyonya damu. Zanzibar ilianza kugawa dawa kwa umma mwaka 2001, ivermectin pamoja na albendazole, na Tanzania Bara imefanya hivyo wilaya kwa wilaya. Dawa hizo huua watoto wa minyoo ili mbu wasiwe na cha kusambaza. Mguu uliokwisha kufura hazirudishi. Lakini mguu huo unahitaji kitu ambacho hakina gharama kubwa: kuoshwa kwa sabuni kila siku, kukaushwa hadi katikati ya vidole, kuinuliwa wakati wa kupumzika. Limfu isiyotembea haiwapeleki walinzi mahali wanapotakiwa, kwa hiyo kila mchubuko mdogo unakuwa mlango wa bakteria, na kila shambulio la homa linauongezea mguu unene. Nimeona majirani wakificha miguu yao chini ya kanga kwa miaka, wakiamini wamerogwa, na hakuna aliyewaambia habari ya sabuni.

Tumefika kinenani. Kwenye njia za limfu zimepangwa tezi ndogo, mamia kadhaa mwilini: shingoni, kwapani, tumboni, kinenani. Kwa kawaida kila moja ni kama punje ya kunde. Limfu yote ya mguu hupitia kwenye tezi za kinena kabla ya kwenda juu, kama wasafiri wote wa barabara moja wanavyopitia kizuizi kimoja.

Mwiba ulipoingia, walikuwepo kisiginoni wajumbe wa aina ya pekee, seli zenye matawi marefu ambazo mwanasayansi Ralph Steinman alizitambua mwaka 1973. Kazi yao kubwa si kuua. Humeza bakteria, wakawakatakata, wakavivaa vipande hivyo juu ya mwili wao kama mtu anayetembeza picha ya mwizi, kisha wakaingia kwenye limfu na kupanda. Ndani ya siku moja hivi wako kwenye tezi.

Humo wanamtafuta nani? Hapa ndipo maumbile yanaponishangaza kila mara ninapoyafikiria. Mwili una seli nyeupe ziitwazo limfosaiti, seli T zinazokomaa kwenye tezi ya thaimasi nyuma ya mfupa wa kifua, na seli B zinazokomaa kwenye uboho. Kila moja huzaliwa na kipokezi chake, kilichoundwa kwa kubahatisha, na kinachoweza kutambua umbo moja tu. Kwa kipande fulani cha bakteria, seli inayokitambua ni pengine moja kati ya laki moja, pengine moja kati ya milioni. Zingekaa kila moja mahali pake, hiyo moja isingekutana kamwe na mwiba wa kisigino cha mtoto. Kwa hiyo hazikai. Huzunguka na damu, zikaingia kwenye tezi, zikakaa nusu siku au siku nzima zikigusa wajumbe, zikatoka na limfu, zikarudi kwenye damu, zikaingia tezi nyingine. Tumezoea kuelezwa kinga kama jeshi. Mimi naiona zaidi kama gulio: watu wengi wanapita, kila mmoja na alichokishika mkononi, na biashara inafanyika pale wawili wanaofaana wanapokutana.

Wajumbe wanapofika na habari, tezi hufanya mambo matatu. Hupanua mishipa ya damu inayoingia. Hufunga kwa muda njia ya kutokea, limfosaiti zikajaa ndani. Na ile seli moja iliyokutana na picha yake huanza kugawanyika, mara kadhaa kwa siku, hadi kuwa maelfu mengi. Tezi iliyokuwa punje ya kunde inakuwa kokwa ya zambarau, na gamba lake linavutika, ndiyo maana inauma. Huo ndio mtoki.

Mazao yake ni ya namna mbili. Seli T hurudi kwenye damu na kuteremka kisiginoni, kwenye mishipa ileile iliyoota vinata. Seli B hutoa kingamwili, vitu vidogo vyenye umbo la Y vinavyojibandika kwenye bakteria na kuwarahisishia neutrofili kuwameza. Za kwanza huonekana kwenye damu baada ya siku 5 hadi 7. Wakati huo seli B zilizobaki kwenye tezi hubadilisha jeni za kipokezi chao kidogo kidogo, zikashindanishwa, na zile zinazoshika vizuri zaidi ndizo zinazoachwa ziishi. Kingamwili za wiki ya tatu hushika kuliko za wiki ya kwanza.

Damu nayo ina kituo chake cha namna hiyo: wengu, upande wa kushoto chini ya mbavu. Ndiyo maana malaria ya mara kwa mara hulivimbisha. Mtoto mwenye selimundu hupoteza kazi ya wengu mapema, kwa kuwa seli zenye umbo la mundu huziba mishipa yake, na ndiyo maana hupewa penisilini kila siku katika miaka ya mwanzo. Hana kizuizi cha kuwanasa bakteria wanaosafiri kwenye damu.

Vipo vijidudu vinavyoijua njia hii na kuitumia. Lushoto, kwenye milima ya Usambara, ilisumbuliwa na tauni tangu 1980 kwa zaidi ya miaka 20. Kiroboto huuma mguuni, bakteria wa tauni humezwa na walinzi, lakini hawafi. Hubebwa hadi kinenani na kuzaliana humo. Mtoki wa tauni ni kituo cha ulinzi kilichotekwa. Virusi vya UKIMWI navyo hushambulia seli T wasaidizi, zile zinazowapa seli B ruhusa ya kuanza kazi, na vingi hujificha ndani ya tezi hizihizi. Jina tulilolipa ugonjwa huo kwa Kiswahili, upungufu wa kinga mwilini, linasema kwa usahihi kilichotokea.

Pepopunda ina hila nyingine. Bakteria wake wanaishi kwenye udongo na samadi, na mwiba wa zizini ni gari lao zuri. Hawasafiri popote. Hubaki kwenye jeraha na kutoa sumu kali mno, kiasi kwamba kipimo kinachoua ni kidogo kuliko kinachohitajika kuishtua kinga. Aliyepona pepopunda anaweza kuugua tena. Chanjo peke yake ndiyo inayofundisha mwili. Mama mjamzito aliyechanjwa hupitisha kingamwili zake kwa mtoto kupitia kondo la nyuma, na mtoto huzaliwa akiwa amekingwa dhidi ya kitovu kilichokatwa kwa wembe mchafu. Nilichanjwa utotoni. Bila hivyo, sindano ya Bibi isingetosha.

Alichokijua Bibi kina nyongeza moja ambayo pengine hakutaka kumwambia mtoto. Tezi za kinena hupokea limfu ya mguu, lakini pia ya sehemu za siri, matako na ngozi ya chini ya kitovu. Mtu mzima mwenye mtoki na asiye na jeraha mguuni aende kupimwa magonjwa ya zinaa, bila kuogopa macho ya watu kwenye benchi. Tezi zinazovimba sehemu nyingi kwa pamoja, au zinazokaa zaidi ya wiki tatu nne bila kunywea, au zinazokua bila kuuma, nazo zinataka daktari: huweza kuwa kifua kikuu cha tezi, virusi vya UKIMWI, au saratani. Na ukiona mstari unaopanda kutoka kwenye kidonda kuelekea kinenani au kwapani, wenye joto na maumivu, usingoje kesho. Ni mshipa wa limfu wenyewe unaoungua. Bakteria wakivuka tezi na kumwagika kwenye damu, ule mchochota uliokuwa wa kisigino kimoja unaanza mwili mzima: mishipa yote inatanuka na kuvuja kwa wakati mmoja, presha inaporomoka, figo na ubongo vinakosa damu. Kinachomponya mtu kisiginoni kinaweza kumuua kikisambaa.

Wangu haukufika huko. Mwiba ulipotoka, wajumbe waliacha kupanda, njia za kutokea zikafunguliwa, na sehemu kubwa ya zile seli zilizozaliwa zikafa kwa utaratibu ndani ya wiki chache. Zilibaki chache, baadhi kwenye uboho, baadhi zikizunguka. Ukipapasa kinena cha mtu aliyekua akitembea pekupeku, mara nyingi utakuta vitezi viwili vitatu vidogo, laini, vinavyoteleza chini ya kidole na visivyouma. Vyangu bado vipo, vya kulia vikubwa kidogo kuliko vya kushoto.